Nilificha Mkebe Kwenye Matooka ya Mpaka

Ni mimi. Wacha nianze hapo, nisijipe nafasi ya kuzunguka. Mpaka wa shamba la shosho yangu haukusongezwa na jirani yake. Ulisongezwa kwa sababu yangu, Jumamosi moja saa nane mchana, mbele ya watu kumi na sita, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikiangalia.

Nimeandika hivyo kwenye diary mara nyingi. Diary haijibu. Sasa naandika hapa kwa sababu hunijui na mimi sikujui, na nikimaliza hakuna mtu ataniuliza swali.

Niko fomu tatu, shule ya bweni. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Si maringo, vile wengine husema. Mwalimu akiita jina langu darasani masikio yanapata moto, na yale maneno nilikuwa nayo yanaisha. Nyumbani mgeni akija, mimi ndiye huenda jikoni kuchemsha maji hata kama hakuna mtu ametaka chai.

Kwa hivyo nilipojua geocaching niliona ni mchezo uliotengenezewa mimi. Kama huujui, ni hivi. Mtu anaficha mkebe mdogo mahali, ndani ameweka kijitabu. Anaandika namba za mahali hapo kwenye app. Wewe unafuata zile namba na simu mpaka ufike, unatafuta, ukiupata unaandika jina lako kwenye kijitabu na kuurudisha pale pale. Halafu unaandika kwenye app kwamba umeupata. Unaweza kucheza mwaka mzima bila kufungua mdomo.

Wa kwanza niliupata Nyeri mjini, tunakoishi na mama. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa, imefungwa mkanda mweusi, imeingizwa kwenye shimo la mti. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao, na hakuna aliyejua kwamba iko hapo isipokuwa mimi. Niliishika kwa muda mrefu kabla ya kuirudisha.

Baadaye nikaingia kwenye kikundi. Kinaongozwa na Ciku, nesi ambaye husali kanisa moja na mama yangu, ndio maana mama alinikubalia. Mara moja kwa mwezi tunaenda matembezi: Karatina, Naro Moru, Othaya. Kwenye matembezi mimi hutembea nyuma. Lakini jioni, kwenye app, nilikuwa naandika kwa jina la kubuni mambo marefu ya kuchekesha kuhusu mikebe tuliyopata. Watu walikuwa wanayasoma na kusema huyu ni nani. Walikuwa wanasema hivyo nikiwa nimekaa karibu nao.

Kwenye huu mchezo kuna watu wa kutafuta na watu wa kuficha. Wa kutafuta ni wengi. Wa kuficha ndio wanaojulikana. Ukiwa umeficha mkebe mgumu kupatikana, hata usipoongea, mkebe unakuongelea. Mimi nilitaka hiyo. Sitasingizia kitu kingine.

Ciku aliposema matembezi ya Aprili yatakuwa upande wa Mukurweini, nilijua nafasi yangu imefika. Shosho, mama ya mama yangu, anakaa ndani kidogo ya Gakindu, kwenye mteremko wa kahawa. Juu ni nyumba, katikati ni kahawa na ndizi, chini kabisa ni kijito. Likizo zote mimi huwa kwake.

Kati ya shamba lake na la jirani yake, Baba Muthoni, hakukuwa na ua wala waya. Kulikuwa na matooka. Kama wewe si mtu wa huku, hayo ni maua ya majani marefu, yenye kitunguu kikubwa kinachokaa nusu ndani ya udongo. Watu wa zamani waliyapanda kwa mstari kuonyesha kwako ni hapa na kwangu ni hapa. Ng'ombe hawayali. Kiangazi hakiyaui. Na hakuna mtu huyagusa. Ukilima ukayakaribia, unaweka jembe chini unang'oa nyasi kwa mkono. Mimi niliambiwa hivyo kabla sijaambiwa niogope moto.

Hapo ndipo nilijiona nina akili. Mkebe mzuri unatakiwa uwe mahali ambapo mtu asiyejua mchezo hawezi kuugusa kwa bahati mbaya. Nikajiuliza ni mahali gani pasipoguswa na mtu yeyote, mwaka baada ya mwaka. Jibu lilikuwa hapo nje ya mlango wa shosho.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, shosho akiwa amejinyoosha kidogo, nilishuka. Nilichagua fungu la matooka lililokuwa kwenye kona, pale mstari ulipopinda kuelekea kijitoni. Nilisukuma kitunguu kimoja, nikachimba na kijiko, nikaingiza mkebe, nikarudisha kitunguu na udongo. Mchezo hauruhusu kuchimba. Nilijua. Nilijiambia kijiko si jembe. Nikapima namba za ile kona mara tano, ili nisije nikachekwa kwamba namba zangu ni za uongo.

Ukiandikisha mkebe kwenye app, unaulizwa kama mwenye ardhi amekubali. Kuna kisanduku, unaweka tiki. Wakati huo shosho alikuwa ameamka, yuko mlangoni anachagua maharagwe kwenye sinia. Ningeinua kichwa tu. Lakini ningelazimika kueleza mchezo wenyewe, halafu angesema tumuulize na Baba Muthoni kwa sababu mpaka ni wa watu wawili, halafu ningesimama mbele ya Baba Muthoni nikieleza mkebe ni wa nini. Masikio yakaanza kupata moto.

Niliweka tiki.

Si hiyo tu. Nilimwambia Ciku mkebe wangu uwe wa mwisho, saa nane, kwa sababu nilijua Jumamosi hiyo saa nane shosho angekuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na Baba Muthoni angekuwa sokoni na ndizi zake. Nilipanga vizuri sana. Sijawahi kupanga kitu vizuri hivyo.

Siku ikafika, nikaenda kuwapokea barabarani. Walishuka wakiwa wametapakaa matope mpaka magotini. Kulikuwa na Afande, polisi kutoka Bungoma anayefanya kazi Karatina, ambaye kila mtu humwita Afande hata akiwa amevaa kaptura. Kulikuwa na wageni wawili, bwana na bibi kutoka Nairobi. Wengine ni watu wa Nyeri na Nanyuki, wengi wamekulia mjini kwenye nyumba za kupanga. Ciku ndiye angeelewa matooka ni nini, na Ciku alibaki barabarani na mama mmoja aliyekuwa ameteguka mguu.

Kabla hatujamwacha Ciku huko juu, Afande aliuliza, "Nani ameficha hii ya mwisho?"

"Ni huyu mdogo wetu," Ciku akasema.

"Huyu kimya kimya? Basi leo tunalala hapa."

"Na utalala. Hawa wa kunyamaza ndio wabaya."

Watu wakacheka, wakaniangalia. Nilisikia vizuri. Sitasema uongo, nilisikia vizuri sana.

Huko chini kwenye ndizi na bonde, simu hudanganya. Inakuonyesha hatua kumi huku, halafu hatua kumi kule. Kwa hivyo hawakwenda kwenye kona. Walisambaa kwenye mstari wote, kutoka kwa jiwe la juu mpaka kijitoni.

"Iko hapa, simu inasema nimeikanyaga."

"Simu yako ilisema hivyo hata kule kwa choo ya kanisa."

"Wewe tafuta, wacha mdomo."

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Yule bwana wa Nairobi alishika itooka moja aangalie chini yake, nalo likatoka lote, na kitunguu, kama jino la mtoto. Akasema, "Hii inatoka tu yenyewe." Akashika lingine. Mwenzake akaona, naye akashika. Wakadhani ndivyo inavyofanywa, maana mwenye mkebe amesimama hapo na hajakataa.

Nilifungua mdomo. Hilo nalikumbuka kabisa. Nilikuwa na maneno mawili: ni mpaka. Bibi wa Nairobi akageuka akaniuliza, "Unasema?"

Nikasema, "Ni huko chini."

Yaani badala ya kuwaambia waache, niliwasaidia wamalize haraka. Wakashuka wote na ule mstari, wakiinua kila fungu.

Afande ndiye aliupata. Aliushika juu kama kombe. "Jameni, huyu msichana anaweza kuwa mwizi wa ng'ombe. Ameficha chini ya kitunguu!" Walipiga makofi. Wakanipiga picha nikiwa katikati. Mimi sijawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote, hata siku ya zawadi shuleni.

Kikundi chetu kina kanuni moja, kwamba tunaacha mahali jinsi tulivyopakuta. Afande anaipenda hiyo kanuni kuliko mtu yeyote. Akatoa kamba kwenye begi.

"Kikosi, hii maua inarudi kwa shimo. Lakini mnaona vile ilikuwa imejikunja? Tuinyooshee shosho ya mtoto." Akanipa ncha moja ya kamba. "Shika hapo kwa jiwe, mwenye nyumba. Vuta."

Nikashika. Nikavuta. Yeye akashuka na ncha nyingine mpaka kijitoni, na wale wengine wakapanda matooka kwa kufuata kamba. Walifanya kazi nzuri. Mashimo yote ya zamani waliyafukia na kuyakanyaga. Mstari ukawa umenyooka kama viti vya kanisa. Ile kona haikuwepo tena.

Waliondoka wakiimba. Jioni mvua ikanyesha kubwa, na Jumapili pia, nyayo zote zikafutika. Watu wa barabarani waliona wageni wenye mabegi, lakini huku wageni wenye mabegi hupita kila wakati wakiangalia kahawa. Hakuna aliyewafuata huko chini.

Sasa lazima nikwambie kilichokuwa kwenye ile kona. Pale mstari ulipopinda palikuwa na udongo wa maji, kipande kama darasa moja hivi. Ndipo shosho alipanda nduma, zile wengine huita magimbi. Ndipo pekee shambani mwake ambapo nduma hukubali. Alikuwa akilima hapo tangu aolewe. Baada ya kamba ya Afande, nduma zote zilikuwa upande wa Baba Muthoni.

Jumatatu shosho alishuka kuchimba nduma. Alirudi bila kitu. Akaweka kikapu chini, akakaa kwenye ngazi.

"Matooka yametembea," akasema.

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sikugeuka.

"Mami, Jumamosi wewe ndiye ulikuwa hapa. Uliona mtu huko chini?"

"Nilikuwa ndani nasoma, shosho."

Kama unataka kujua kosa langu ni lipi kati ya yote, ni hilo. Tiki ilikuwa kosa, kamba ilikuwa kosa. Lakini siku hiyo ya Jumatatu kila kitu kilikuwa bado kinaweza kurudi. Ingekuwa ni shosho kunikemea, mimi kulia, na Baba Muthoni kuja na jembe tukapande upya. Angecheka pengine. Yeye ni mtu wa kucheka.

Nikuambie kidogo juu ya Baba Muthoni. Tangu guka, bwana ya shosho, afe, huyo mzee ndiye alikuwa anabeba mtungi wa maziwa wa shosho pamoja na wake kila asubuhi, kwa baiskeli, mpaka pale gari la maziwa linasimama. Hakuna mtu alimwomba. Alikuwa anapita anasema, "Mama Ndirangu, lete hiyo maji umechanganya," na shosho anamjibu kwamba maji iko kwa ng'ombe yake. Kila asubuhi maneno yale yale.

Shosho alimpigia simu anko Ndirangu, mtoto wake wa Thika. Anko akaja Jumatano akiwa amekasirika tayari, maana alikuwa amekasirikia njiani. Alhamisi wakaita mzee wa mtaa na wenzake wawili, wakaketi kwetu uani. Baba Muthoni alikuja peke yake, akiwa amevaa koti. Mimi nilikuwa na birika.

Anko Ndirangu akasema, "Hii ni wizi. Mama yangu ni mjane, mtu ameangalia akaona hakuna mwanaume hapa."

Baba Muthoni akamwangalia. "Ndirangu, mimi nilikubeba kwa hii mgongo ukiwa na surua. Nikitaka kuiba, naweza iba hivyo? Mstari mzima, imenyooka hivyo, ndio kila mtu aone? Mwizi gani anatumia kamba?"

Mzee wa mtaa akacheka kidogo. Anko hakucheka. "Basi ni nani? Ni mbwa?"

"Mimi sijui. Hata mimi niliamka nikaona. Nilidhani ni nyinyi mmenyoosha."

"Tujipunguzie wenyewe?"

"Nimesema sijui. Mimi niko tayari, turudishe. Pale ilikuwa imepinda, ni mimi na baba yako tulipinda. Mama yako alikuwa ameolewa juzi, akataka mahali ya nduma. Nikamwambia baba yako, chukua hapo. Sasa mimi nitaiba kitu nilitoa?"

Mzee wa mtaa akauliza, "Sawa. Kona yenyewe ilikuwa wapi haswa? Tupande hapo, tumalize."

Wakashuka wote kuangalia. Anko akasema ni hapa. Baba Muthoni akasema hapana, ni hapa. Shosho akasema ni mbele zaidi, kwenye mgomba uliokatwa. Migomba iliyokatwa ilikuwa mitatu. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Zile namba zilikuwa ndani yake. Mimi peke yangu, katika watu wote wa mteremko ule, nilikuwa nimeipima ile kona, mara tano. Ningeitoa tu na kusema ni hapa, mkanyage hapa. Nilishika simu kupitia kwa nguo. Ilikuwa na joto.

Sikuitoa, kwa sababu wangeniuliza nilizipata wapi.

Waliporudi uani wote walikuwa wamechoka na hasira. Ndipo shosho akasema lile neno. Alikuwa amesimama, ameshika leso kiunoni. Akasema kwa sauti ya chini, na kila mtu akasikia:

"Baba Muthoni, tangu bwana yangu afe ulikuwa unangoja tu."

Baba Muthoni alikuwa na kikombe mkononi, nilikuwa nimemtilia sasa hivi. Akakiweka chini polepole kwenye nyasi. Akachukua kofia yake. Hakusema kwaheri kwa mtu yeyote isipokuwa mimi. Aliniambia, "Asante kwa chai, mami." Na hakuwa ameinywa.

Asubuhi iliyofuata baiskeli ilipita bila kusimama. Shosho alikuwa ameutoa mtungi, ameuweka langoni. Aliurudisha ndani mwenyewe.

Wiki hiyo nikarudi shule. Ungedhani sikuwa nalala, lakini nililala. Nilikula. Nilifanya mtihani wa katikati ya muhula na nikapita hesabu. Ndani yangu palikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii. Nilikuwa nangoja nilie na kilio hakikuja. Kwenye diary nilikuwa naandika nitasema likizo ikifika. Nitasema Agosti. Kila ukurasa, nitasema Agosti. Shuleni hatuna simu, lakini mwalimu wa zamu ana yake na ukiomba anakupa upige nyumbani. Sikuomba. Kuomba ni kuongea.

Agosti nilishuka kwenye gari Gakindu nikatembea mpaka kwa shosho. Nilipofika kwenye ngazi niliona waya. Waya wa miiba, na vigingi vipya vya mti mweupe, kutoka kwa lile jiwe la juu mpaka kijitoni. Umenyooka.

Shosho alinieleza akiwa anamenya viazi. Anko Ndirangu hakukubali yaishe hivyo, akaleta mtu wa kupima ardhi. Yule wa kupima alikuja na ramani, na kwenye ramani hakuna kona. Haijawahi kuwepo. Ile kona ilikuwa ni maneno ya watu wawili na matooka tu. Mpaka wa ramani ni ule ule alionyoosha Afande, kasoro hatua moja. Basi mtoto wa Baba Muthoni akaja kutoka Nairobi na waya.

"Tulimwita mwizi, na tukaleta mtu wa kutuambia ni yake," shosho akasema. Akaendelea kumenya.

Nilimwambia hapo hapo. Sikupanga. Nilimwambia mkebe, namba, watu kumi na sita, kamba. Nilimwambia hata makofi. Shosho hakunikatiza. Kisu kilisimama kwenye kiazi.

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa, shosho."

"Na ukashika kamba."

"Ndio."

"Na siku ya wazee ukatutilia chai."

"Ndio, shosho."

Hakunipiga, hakupiga kelele. Alisema, "Enda umwambie. Mimi siwezi kwenda kwanza."

Nilizunguka kwa barabara, kwa sababu huko chini hakupitiki tena. Baba Muthoni alikuwa anakata nyasi za ng'ombe. Nilisema yote nikiwa nimesimama langoni, nikaitoa simu nikamwonyesha ile picha ambayo nimesimama katikati ya watu, nyuma yetu matooka yamelala chini yameng'olewa. Aliishika mbali na macho, halafu karibu.

"Huyu mwenye kamba ni nani?"

"Ni polisi. Ni wa kikundi chetu. Hakujua."

"Hakujua," akasema. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akanirudishia simu. "Umefanya vizuri kuja. Umechelewa, lakini umekuja." Nikadhani imeisha. Nikamwambia ninazo namba za ile kona, kwamba tunaweza kupanda matooka pale pale yalikuwa. Akatingisha kichwa.

"Sikiza, mami. Wewe ulisongeza maua. Hiyo nimekusamehe, maua ni maua. Lakini lile neno shosho yako aliniambia mbele ya watu, si wewe ulisema. Hilo lilikuwa ndani yake. Ama halikuwa, likaingia siku hiyo, sijui. Zamani nilikuwa na jirani, sikuhitaji ramani. Sasa niko na ramani." Akachukua panga lake. "Mwambie nimesikia."

Nilimwambia shosho amesikia. Shosho alivaa sweta yake ya kanisani, akafunga kitambaa, akakaa kwenye kiti cha mlangoni kama mtu anayeenda mahali. Alikaa mpaka giza likaingia. Hakwenda. "Nitamwambia nini," akaniuliza, "na nilisema nikiwa nimesimama mbele ya wazee?"

Mpaka leo hajaenda. Mtungi wa maziwa anabeba mwenyewe, anapumzika mara mbili njiani, na baiskeli inampita.

Nilimwandikia Ciku pia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Uliweka tiki ya ruhusa?" Nikasema niliweka. Baada ya siku mbili mkebe ukaondolewa kwenye app. Afande alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema kwao mpaka ni mkonge, haya maua alidhani ni ya kupendeza tu, na kwamba yuko tayari kuja kupiga magoti kwa wale wazee wawili. Shosho alikataa. Alisema huyo hana kosa, alikuwa mgeni, na mgeni huambiwa na mwenyeji.

Mama anasema mimi ni mtoto, na watu wazima ndio walipaswa kuongea kama watu wazima. Anko Ndirangu anasema nimeaibisha familia, kisha anasema tena kwamba pengine nimefunzwa na mtu kusema hivyo. Nawasikia wote. Siwajibu. Siku hizi hata nikitaka kulia kwa ajili ya kitu kingine, kama filamu ama mwanafunzi mwenzangu akifiwa, hakuna kitu.

Basi, wewe unayesoma. Sikwambii uache mchezo. Ni mchezo mzuri na watu wake ni wazuri. Lakini usiweke tiki kwa kitu ambacho hujauliza kwa mdomo wako. Usifiche kitu kwenye mahali panapoheshimiwa ukidhani heshima ya watu ni kifuniko chako. Na ukiona watu wazuri wanaharibu kitu kwa sababu hawajui na wewe unajua, sema, hata kama sauti itatoka ya kutetemeka, hata kama watacheka. Watacheka dakika moja.

Na kama sasa hivi uko na mkebe wako mahali ambapo hukuuliza, enda leo. Gonga mlango, useme. Usingoje uwe na ujasiri. Usingoje likizo. Mimi nilingoja likizo, na nilipofika waya ulikuwa umeshapigwa.